Mexico ya Mama Emiliana

Mtu wa kwanza kusema kwamba mwenye nyumba wetu anatoroka alikuwa Ma Léocadie wa kwaya. Alisema akiwa ameketi sakafuni, kichwa kati ya magoti ya mama yangu, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama kama zimeona nyoka.

"Ma Thérèse, ule mama wa Tanzania anaenda Amerika. Na miguu."

"Na miguu aje? Kuna bahari."

"Bahari anavuka na ndege. Akifika kule, anapanda na miguu mpaka Mexico. Weye haumuonaka na ile begi mgongoni?"

Vidole vya mama vilisimama. Mama yangu akisuka hasimamishi vidole hata taifa likianguka.

Begi tulikuwa tumeliona. Mtaa mzima wa Kensington, hapa Joburg, ulikuwa umeliona. Kila Jumapili asubuhi Mama Emiliana alitoka getini na viatu vya raba, kofia ya kitambaa, na begi zito mgongoni, akapanda ule mteremko unaokwenda kwenye kilima huku akihema kama pasi ya mvuke. Baada ya muda alirudi, jasho limemlowa, akaketi ukutani, akafungua begi na kutoa chupa za maji na pakiti za unga wa mahindi, zote zikiwa hazijafunguliwa. Sasa nani anautembeza unga wa ugali mlimani kisha anaurudisha jikoni?

Yeye alikuwa na maelezo yake. Alikuwa akifanya kazi kwa Bwana Seif, mwenye duka la masanduku kule Fordsburg, na nyuma ya duka kulikuwa na ofisi ndogo ya safari. Bwana Seif mwenyewe alishughulika na mahujaji. Watu wengine wote, wale wa kwenda kutembea tu, alimwachia Mama Emiliana. Mwaka wa 2018 wauguzi fulani wa Germiston walikuja kuomba Mexico, wakarudi wamenenepa na wamefurahi, wakawaambia walimu, walimu wakawaambia wastaafu wa kanisa lao, na tangu hapo Mama Emiliana akawa mtu wa Mexico. Alipanga safari fupi: siku chache mji wa zamani wenye makanisa na masoko, siku chache ufukweni, basi, rudi nyumbani. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika huko.

"Hakuna kazi ya namna ile," mama alisema. "Mutu anapanga safari ya pahali hajafika? Mimi nisuke kichwa sijakiona?"

Ili mtu aelewe kwa nini mama alikuwa hivyo, lazima ajue habari ya mjomba Hénock. Alikuwa mdogo wake wa mwisho, mlinzi wa ghala, tulikaa naye Jeppestown kabla hatujapata chumba hiki cha uani kwa Mama Emiliana. Asubuhi moja alivaa sare ya kazi, akaniambia nisimmalizie mkate, akasema tutaonana jioni. Wiki kadhaa baadaye akapiga simu kutoka Kolombia. Alikuwa ameruka mpaka Ekuador, sasa anapanda kaskazini kuelekea Mexico, na baada ya Mexico ni Amerika. Akatuma ujumbe kwamba kesho wanaingia msituni, ule wa kuvuka kwa miguu kwenda Panama. Hatukusikia tena.

Wala hakuwa amefanya jambo la ajabu. Kwetu watu wa Bukavu, na nadhani Wakongo wengi wa hapa Joburg, safari kubwa haitangazwi. Ukiitangaza, wenye kijicho wanaifunga. Kwa hiyo mtu anaondoka kama anayekwenda kununua mkate kwenye spaza, kiduka cha mtaani, na wanaobaki ndio wanaosoma dalili, wamechelewa. Mama alizisoma za Hénock akiwa amechelewa, akaapa hatachelewa mara ya pili. Kwamba alikuwa amenunua viatu vipya. Kwamba alikuwa amegawa blanketi lake na redio. Kwamba alianza kutembea sana bila sababu.

Na Mama Emiliana, mwanzoni mwa 2019, alinunua viatu vipya. Alimpa jirani kabati. Alitupa sisi blanketi zito, na baridi ilikuwa haijaja hata. Akiosha vyombo alisikika dirishani akisema peke yake kwa Kihispania, "Buenos días, señora. ¿Dónde está el baño?"

Bado mama angesema aende zake, mtu mzima huyo. Tatizo lilikuwa Benita.

Dada yangu Benita alikuwa na miaka ishirini. Alimaliza shule na alama nzuri, kisha akakaa. Vyuo vilitaka karatasi ambazo sisi hatuna. Tulizo nazo ni zile za kuomba hifadhi, za kufufuliwa kila baada ya miezi sita, na kila zikifufuliwa unapanga foleni tangu alfajiri kama umefanya kosa. Alimsaidia mama saluni lakini mikono yake haikupenda nywele. Mama Emiliana, ambaye macho yake yalianza kuchoka na kompyuta, alimwomba amsaidie kusoma ramani. Baada ya ramani ikawa Jumapili. Sasa walitoka getini wawili, kila mmoja na begi lake la unga.

"Carmel," mama aliniambia, "vaa viatu. Unaenda nao."

"Wamenialika?"

"Mimi nimekualika."

Basi nikaenda kama jasusi, na jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba jasusi anachoka haraka.

"Shikamoo mama," nikamwamkia. Kwetu hakuna shikamoo, lakini kwake bila hiyo huongei.

"Marahaba mwanangu. Umetumwa?"

"Hapana mama."

"Umetumwa. Haya, chukua chupa mbili. Leo tuko Mérida."

Alinieleza njiani, bila kupunguza mwendo. Mérida ni mji tambarare wenye joto, uwanja mkubwa katikati, na wateja wake ni wastaafu, wengi magoti yao ni ya kuvumiliana nayo. Kutoka hoteli hadi uwanjani, kutoka uwanjani hadi sokoni, ni umbali gani? Ramani itakuambia. Lakini ramani haina goti. Kwa hiyo yeye alitafuta umbali uleule humuhumu Kensington na kuutembea saa ileile ya jua, na mzigo wa mtu aliyenunua vitu. Ile bustani yenye bwawa, Rhodes Park, ndiyo ilikuwa uwanja mkuu wa Mérida. Duka la dawa kwenye barabara kubwa ndilo soko. Mteremko wa kilimani ulikuwa Oaxaca, kule kwenye mahekalu ya kale ya juu ya mlima. Na ukuta mweupe wa gereji ya petroli, ambao jua huupiga bila huruma, ulikuwa Cancún.

"Cancún?" nikacheka.

"Kaa hapo uone. Ukitamani mwavuli, mteja naye atautamani. Hebu kaa."

Nikakaa. Mwenye gereji akatutazama. Benita akamwambia kwa Kizulu kwamba tuko ufukweni, na yule baba akasema eish, akaingia ndani.

Nilirudi nikamweleza mama kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akifunga nyuzi za nywele mafundo mafundo.

"Na wewe umeamini."

"Mama, tumekaa kwenye ukuta wa Cancún."

"Benita alichoka?"

"Hapana. Mimi ndiyo nilichoka. Benita anaweza kwenda hata siku nzima."

Nilisema nikidhani nasifu. Mama akatazama pembeni, nikajua nimempa dalili nyingine.

Habari ilitembea. Wiki mbili hazikupita, Ma Léocadie mwenyewe akaja, amevaa kitenge cha ibada siku ya kazi. Alimkuta Mama Emiliana uani anaanika nguo, nami nilikuwa kwenye ngazi na daftari la jiografia ambalo sikulisoma tena.

"Mama, nimesikia uko na njia ya Mexico," Ma Léocadie akanong'ona.

"Ninayo, karibu sana. Unapenda mji au pwani?"

Ma Léocadie akanitazama, akamtazama tena. "Pahali watu wengi wanapitaka."

"Basi Cancún, kisha Playa del Carmen. Usiku tatu, na chai ya asubuhi imo."

"Chai?"

"Na mayai."

"Na maji ya kuvuka, iko?"

"Kuvuka kwa mashua mpaka kisiwani, ukipenda. Halafu kuna mashimo ya maji chini ya ardhi, mazuri hayo, watu wanaogelea ndani."

"Bantu banakufaka humo?"

"Jamani! Tunawavalisha maboya."

Ma Léocadie aliaga akiwa ameshika kifua. Jioni kwaya nzima ilijua kwamba Mama Emiliana ana watu wake, kwamba wanalisha mayai, na kwamba kuna shimo la maji chini ya ardhi ambako unapita na boya. Vijana wawili walikuja kusalimia getini bila sababu. Mmoja alikuwa Pitchou, anayeuza vifaa vya simu Jeppestown, mwenye kucheka na kila mtu. Hakumwomba Mama Emiliana chochote. Alisalimiana na Benita, tena kwa ufupi mno. Mimi nina dada mmoja tu na ninajua jinsi anavyosalimiana na watu asiowajali. Haikuwa hivyo.

Tangu hapo shaka yangu ikahama. Mama alimtazama mwenye nyumba. Mimi nikaanza kumtazama Benita. Simu yake ililala kifudifudi. Alikula haraka. Alinipa sweta lake la buluu ambalo nililililia mwaka mzima na hakunipa, akasema, "Chukua, limenibana," na halikuwa limembana. Nililivaa siku moja, nikalivua. Sikumwambia mama. Nilifikiri nikisema litakuwa kweli.

Siku moja baada ya shule nilikuwa mezani kwa Mama Emiliana, nakula mihogo yake, wakati Benita alipoanza.

"Mama Emiliana, kuna mteja. Ni binamu yake Ma Léocadie, yuko Cape Town. Anataka umpangie."

"Vizuri. Anarudi lini?"

Hilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa kila mtu. Alianza kupanga na siku ya mwisho: ndege ya kurudi saa ngapi, basi la kwenda uwanjani, chakula cha mwisho kilicho karibu, kisha akarudi nyuma siku kwa siku mpaka siku ya kufika. Alisema ukianzia mwanzo unajaza mambo mengi ya furaha, na siku ya kurudi unakimbia kama mwizi.

"Kurudi bado hajajua," Benita akasema. "Anza tu. Anaanzia Tapachula."

Mama Emiliana akavaa miwani. "Tapachula? Kule kusini mpakani? Kuna nini cha kuangalia mtu atoke Cape Town?"

"Anapenda… miji midogo."

"Haya. Kutoka hapo?"

"Basi mpaka Oaxaca. Hata la usiku. Kutoka Oaxaca, Mji wa Mexico. Halafu Monterrey, kule kaskazini."

"Ufukwe?"

"Hataki ufukwe."

"Hoteli?"

"Rahisi. Au asilale, apande basi lingine."

Mama Emiliana hakuandika. Alimtazama Benita juu ya miwani kwa muda, jinsi mama yangu alivyokuwa akimtazama yeye miezi yote ile. Nilidhani atauliza. Badala yake akavua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Vizuri," akasema. "Mteja wako tutamtembea Jumapili."

Jumapili hiyo mama alikuwa na harusi ya kusuka, aliondoka mapema. Sisi tulitoka watatu. Simu tuliziacha nyumbani, kama siku zote, kwa kuogopa tsotsi, wale vibaka wa njiani. Benita alibeba begi lililojaa kuliko kawaida, na Mama Emiliana hakupanda kilimani. Aliteremka kuelekea Jeppestown.

"Hapa Tapachula," akasema tulipofika karibu na mahosteli, kwenye karakana zilizofungwa. "Basi limekuja?"

"Basi gani, mama?" nikauliza.

"Halijaja. Mteja ana karatasi ya kupandia? Hana? Basi tunatembea."

Tulitembea. Mara zote nyingine tulikuwa tukisimama chini ya miti, tukinunua juisi, tukijadili kama mstaafu angependa kupumzika. Siku hiyo hatukusimama ila kwenye roboti, taa ilipokuwa nyekundu. Nilipoona muuza machungwa nikapunguza mwendo.

"Mteja hakuweka chakula," Mama Emiliana akasema.

Oaxaca tuliipita bila kuona hekalu. Commissioner Street yote tuliimaliza, katikati ya maghorofa na milango ya chuma, na huo ukawa Mji wa Mexico, na nilipouliza hatuangalii majumba akasema mteja hakuomba majumba. Benita alikuwa mbele, shingo imekaza. Alijua. Nami nilijua kwamba anajua, na hakuna aliyesema, na hilo lilichosha kuliko miguu. Sikuelewa ni nani anamtega nani. Kwa muda nilifikiri pengine mama yangu ndiye alikuwa sahihi tangu mwanzo, na kwamba tunaondoka kweli, leo, na mimi nikiwa na viatu vya shule.

Tulifika Fordsburg jua limekwisha kupita utosini. Duka la Bwana Seif lilikuwa limefungwa, lakini maduka ya jirani yalikuwa wazi na harufu ya sambusa ilinishika kooni. Mama Emiliana akaketi kwenye ngazi ya duka.

"Hii ni Monterrey. Tumefika."

"Turudi sasa," Benita akasema.

"Turudi? Mteja wako hana siku ya kurudi. Tutakaa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mteja aseme."

Benita akacheka, kicheko kibaya, naye akakaa, upande mwingine wa ngazi. Nikakaa katikati. Watu walipita na mifuko yao. Mwanamke mmoja mwenye hijabu nyeusi alitusalimia, akatuuliza kama tumepotea. Mama Emiliana akamwambia tuko salama, tunamsubiri mtu. Kivuli cha jengo la ng'ambo kikafika miguuni. Sikujua kama naruhusiwa kulia.

"Mteja ni mimi," Benita akasema mwishowe, bila kugeuka.

"Najua."

"Ulijua tangu Tapachula."

"Nilijua tangu 'bado hajajua'."

Benita akaanza kusema, na maneno yalitoka kama yamebanwa mlangoni. Kwamba Pitchou ana watu Ekuador. Kwamba wanaondoka mwezi ujao. Kwamba ametembea na mizigo ya unga miezi yote ili msituni asiachwe nyuma. "Nawe utasema nibaki. Wewe umepata nyumba, umepata kitambulisho, mume wako alikuwa wa hapa. Mimi hapa ni nani? Nimemaliza shule nimekaa kama kiti. Kila miezi sita naomba ruhusa ya kuwepo!"

"Sijasema ubaki," Mama Emiliana akajibu. "Nimesema sikupangii. Nisikilize, kisha utafanya utakalo. Mimi nilitoka Morogoro mwaka tisini na mbili na begi dogo. Mume wangu alikuwa mkimbizi wa siasa kwetu, nchi yake hii ikafunguliwa, akaniambia twende tukawaamkie wazazi wake, wiki mbili tu. Nikamwambia mama yangu wiki mbili. Hakuna aliyenidanganya. Wiki mbili zikawa mwezi, nikapata mimba, nikapata kazi, fedha ya nauli ikawa ya ada. Mama yangu alikufa akiwaambia majirani nimekwenda kuwaamkia wakwe. Wewe unaweza kwenda, Benita. Lakini mama yako atamwambia nani nini?"

Benita alivua kiatu kimoja akakitazama kana kwamba kina jibu, akakivaa tena.

"Njaa inauma," nikasema.

Mama Emiliana akanunua sambusa. Tulikula tukiwa tumesimama, kisha tukapanda teksi moja, halafu nyingine, mpaka Kensington, na ndani ya teksi hakuna aliyemtazama mwenzake.

Getini kulikuwa na watu. Harusi ilikuwa imeahirishwa, mama alirudi adhuhuri akakuta chumba kitupu, simu zetu mbili zikilia ndani alipozipiga, na viatu vya Benita havipo. Alikuwa amempigia Ma Léocadie, na Ma Léocadie amepigia kwaya. Mama alikuwa mbele yao, kitambaa cha kichwa kimeanguka shingoni. Hakunikimbilia mimi wala Benita. Alimkimbilia Mama Emiliana.

"Weye! Ulikuwa unapeleka batoto bangu wapi? Bote babili! Nilikulipa kwa heshima, nikakusalimia kwa heshima, kumbe unanichagulia watoto kama mihogo ya soko!"

"Mama Benita…"

"Usiniite! Miezi yote unawazoesha, na mizigo, na jua! Mimi si mjinga, niliona! Mdogo wangu walimpeleka hivihivi!"

"Niliwaambia," Ma Léocadie akasema kwa nyuma. "Na mayai."

Mama Emiliana alisimama na begi lake. Alikuwa mfupi kuliko mama, na nyumba ilikuwa yake mwenyewe, angeweza kutufukuza wote kwa neno moja. Badala yake alimtazama Benita mara moja tu, kisha akatazama chini, akaacha matusi yaje. Mama akamwita mchuuzi wa watu. Akamwita mchawi wa barabara. Nilifungua kinywa changu, na Benita akanikamata mkono.

"Si yeye," akasema. "Mama. Si yeye. Ni mimi."

Mama hakusikia, au alikataa kusikia. "Anakufundisha hata kumtetea!"

"Ni mimi na Pitchou. Mwezi ujao. Yeye amenikatalia. Leo amenitembeza siku nzima ili nikiri mwenyewe."

Kwaya ikanyamaza, na hilo halijawahi kutokea. Mmoja mmoja wakakumbuka jambo la kufanya, isipokuwa Ma Léocadie, ambaye alibaki kushika geti kama litaanguka.

Mama alirudi nyuma hatua moja. Akakiokota kitambaa chake, akakikunja, akakikunjua.

"Ungeniambia?" akauliza.

"Mama, siendi tena. Nimebadili—"

"Sikukuuliza kama unaenda. Hénock pia alisema anaenda kazini. Nakuuliza kama ungeniambia."

Benita akatazama begi lake la unga. Kila mtu pale alijua jibu la kweli lilikuwa lipi.

"Ningekuambia," akasema.

Mama akamtazama usoni kama anavyotazama kichwa kabla ya kukisuka, akitafuta palipo na kidonda. Kisha akaingia ndani. Hakumwomba Mama Emiliana radhi. Alichofanya ni kumpelekea sahani ya fufu na samaki, akaiweka mezani pake bila neno, na Mama Emiliana akasema "Asante, Mama Benita," na mama akasema, "Unajua njia nyingi mno, weye," akatoka.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mama alilala na pasipoti zetu za Kongo chini ya godoro. Benita akienda dukani, mama alisimama mlangoni mpaka arudi. Mimi nilihesabu viatu chini ya kitanda kila nilipotoka shule, hata kabla ya kuvua begi. Benita aliona, akasema, "Nyote mmekuwa polisi," na hakuna aliyekana. Kusema kweli mimi sikuamini lile "ningekuambia". Jumapili hawakutembea tena pamoja. Mama Emiliana alikwenda Oaxaca peke yake, polepole.

Kisha ikafika Ijumaa moja ya mwezi wa tano. Shule ilifunga mapema, nikapita saluni Jeppestown. Mama alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, wengine wawili wanasubiri, redio inaimba. Benita akaingia. Alikuwa amekimbia, mikono mitupu, hata simu hakuwa nayo. Alisimama mbele ya watu wote, wale wa kwaya wakiwemo, mahali ambapo mtu wa kwetu angekufa kabla ya kutaja safari.

"Mama, Pitchou ameondoka kwake leo asubuhi," akasema kwa sauti. "Alinitumia ujumbe jana kwamba nafasi yangu bado ipo, ndege ni leo usiku, nimfuate uwanjani. Nimekuja kukuambia."

Wanawake wakashika midomo. Mama alikuwa na chanuo hewani. 

"Saa ngapi, ndege?"

"Saa nne."

Mama akatazama saa ya ukutani. Kisha akamtazama Benita, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya geti hakuwa akitafuta kitu usoni pake.

"Unaenda?"

"Hapana."

Mama akashusha chanuo, akagawa nywele za mteja mstari mmoja ulionyooka.

"Basi nawa mikono," akasema. "Ukae hapa, unishikilie nyuzi. Huyu mama ananingoja tangu saa nane."